Wakuu wa Tanga, tuongee masafa: bahari ina jedwali la maji, sisi kwenye 5.8 hatuna

#1 Fundi wa Makorora

Wakuu, habari za jioni. Nawasalimu wote, na wa Tanga zaidi.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana, leo nalitoa lote. Mimi ni fundi wa intaneti ya antena. Nimeajiriwa na kampuni ndogo yenye leseni, na kwa miaka minane kazi yangu ni kupanda mapaa, kufunga sahani na kuzielekeza. Kama unakaa Makorora, Sahare au Mwambani na intaneti yako inakuja kwa kisahani cheupe kwenye bomba, huenda nilikifunga mimi au mwenzangu tunayefahamiana.

Nianze na linki moja, yaani antena mbili zinazoangaliana na kupitisha intaneti hewani. Inatoka Raskazone, inavuka maji ya ghuba, inatua Chongoleani, kilomita kama saba. Masafa ni gigahezi 5.8, na antena zote mbili zilikuwa mita 15 hivi juu ya maji ya kupwa. Katikati hakuna mnazi wala ghorofa, ni bahari tupu. Fundi yeyote angeitamani. Lakini ilikuwa inakata. Inakata, inarudi, inakata tena, na saa zake hazieleweki. Nikaambiwa niinue antena. Nikaambiwa nibadilishe kebo. Kebo nilibadilisha mara mbili, maana kwa hewa yetu ya chumvi kichwa cha waya kinaota ukijani ndani ya miezi michache usipokiziba vizuri. Haikusaidia.

Upande ule kuna dada ana steshenari. Anajazia watu fomu za mtandaoni: mikopo ya chuo, maombi ya ajira, vyeti vya kuzaliwa. Siku moja dirisha la mikopo likiwa linakaribia kufungwa nilimkuta na mabinti wanne kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti mapajani, kompyuta inazungusha kile kiduara. Hakuna aliyenifokea. Walinyamaza wakaniangalia tu, na mimi nimevaa fulana ya kampuni. Sikulala vizuri siku ile.

Nikaanza kuandika daftari. Kila linki ikikata, naandika tarehe na saa. Mjomba wangu ni mvuvi, siku moja alilishika lile daftari akapitisha kidole kwenye saa zote, akaniuliza, "Hizi umeziweka pamoja na jedwali la maji?" Sikuwa nimeziweka. Tulipoziweka, nilikaa chini.

Linki ilikuwa inakata maji yakipita katikati. Si yakijaa kabisa, si yakipwa kabisa. Yakipanda yanapita katikati, inakata. Yakishuka yanapita katikati, inakata. Mara nne kwa siku. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji yanakimbia, kwa hiyo ilikuwa inakata kidogo na kurudi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ambapo mtu angedhani bahari imetulia, ndipo ilipokuwa inakata saa nzimanzima, kwa sababu maji hayatoki pale katikati.

Sababu yake ni hii. Wimbi kutoka Raskazone linafika kwa njia mbili: moja kwa moja, na jingine linagonga uso wa bahari ndipo linafika. La pili linatembea njia ndefu kidogo. Kwa vimo nilivyokuwa navyo, maji yakipwa tofauti ya njia hizo ni kama sentimita 6.4, yakijaa kwa mita tatu na zaidi, tofauti inashuka hadi karibu 4. Wimbi la 5.8 lina urefu wa sentimita 5 na kidogo. Tofauti ikifika hapo, yale mawimbi mawili yanafutana, kwa kuwa maji yakilirudisha wimbi yanaligeuza. Na njiani kutoka 6.4 kwenda 4 lazima upite 5.

Wote walikuwa wananiambia niinue antena. Mimi nikaishusha ya Chongoleani kutoka mita 15 hadi 9. Sasa tofauti inacheza kati ya 2 na karibu 4, haifiki tena 5. Toka siku ile bahari haijanisumbua.

Nimesimulia yote haya ili mjue kwamba ninaposema tatizo lililobaki si bahari, nina daftari la kuonyesha. Baada ya kushusha antena, linki ikawa safi mchana kutwa, usiku wa manane safi, lakini saa moja jioni hadi saa nne usiku inazama kila siku, maji yawe bamvua au mafu. Hilo halina jedwali la mwezi. Hilo ni la watu.

Mchana redio yangu ya Chongoleani, yaani kile kifaa cha kwenye sahani kinachotuma na kupokea, inasoma kelele hasi 92. Jioni inasoma hasi 74. Kwa wasiozoea hizi namba: desibeli 18 za tofauti maana yake kelele zimekua zaidi ya mara 60. Ishara yangu ni hasi 62, haijabadilika hata moja. Ni kama ninaongea kwa sauti ileile, ila chumba kimejaa watu wanaopiga kelele.

Nilizunguka na redio ya mkononi jioni tatu mfululizo. Nikaipata. Jengo moja Chumbageni, sahani juu ya paa, imeelekezwa upande ule ule wa bahari, chaneli, yaani kipande cha masafa inachotumia, imetanuliwa hadi megahezi 80, nguvu imewekwa hadi mwisho. Nikamtafuta fundi wake kwa adabu, nikampata kwa simu. Akanijibu, "Kaka, haya ni masafa huru, kila mtu anatumia." Hapo ndipo nilipoona nianzishe uzi huu. Maana alichosema ni kweli, na palepale hakitoshi.

Naombeni michango. Sitaki kumtaja mtu wala kampuni, naomba na ninyi msitaje.

#2 Bint Chumbageni

Pole sana fundi, na hongera kwa lile la kushusha antena, nimelisoma mara mbili.

Mimi si mtaalamu. Swali langu ni la kawaida kabisa: TCRA si ndio wanaosimamia masafa nchi nzima? Redio ya FM ikipanda juu ya nyingine si inafungiwa? Kwa nini huyu wa megahezi 80 asiambiwe ashuke?

#3 Fundi wa Makorora

Dada, swali lako ndilo kiini chenyewe, ngoja nilijibu kwa kirefu kidogo.

Ndiyo, masafa yote ni mali ya umma na msimamizi ni TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ikaunganisha tume mbili, ya mawasiliano na ya utangazaji. Sheria kubwa inayotumika ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Redio ya FM inapewa namba yake, mfano 98 nukta kitu, na hiyo namba kwa eneo hilo ni yake. Mwingine akipanda juu yake, amevunja haki ya mtu. Kampuni za simu vivyo hivyo: kipande cha masafa wanakinunua kwa fedha nyingi na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukanyaga.

Lakini kuna vipande vichache ambavyo dunia ilikubaliana viachwe bila leseni ya masafa. Kile cha 2.4, kuanzia megahezi 2,400 hadi 2,483.5, kilikuwa cha mashine za viwandani na hospitali, na ndimo zilimo oveni za mawimbi za kupashia chakula. Kilihesabiwa kama jalala. Mwezi Mei 1985 Marekani ikaruhusu vifaa vya mawasiliano vya nguvu ndogo viingie humo bila kuomba leseni. Mwaka 1997 kikatoka kiwango cha kwanza cha ile tunayoiita Wi-Fi. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa masafa ukatenga vipande vya gigahezi 5 kwa mitandao ya aina hii. Yaani kila rauta iliyoko Ngamiani, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, inaishi kwa fadhila ya maamuzi hayo.

Fadhila hiyo ina masharti mawili. Usimdhuru mwenye leseni. Na ukidhuriwa na mwenzako asiye na leseni ya masafa kama wewe, huna pa kushtaki, vumilia. Ndiyo maana nikienda kulalamika, ofisa atanisikiliza vizuri halafu atauliza, "Una leseni ya masafa hayo?" Sina. Kampuni yangu ina leseni ya kutoa huduma, lakini leseni ya kutoa huduma ni kitu kingine na haki ya kipande cha masafa ni kitu kingine. Watu wengi wanachanganya hapo.

Pamoja na hayo, huru haimaanishi hakuna sheria. Nguvu ina kikomo. Kifaa lazima kiwe kimethibitishwa. Na vipande vya katikati, 5,250 hadi 5,350 na 5,470 hadi 5,725, vina rada humo, ikiwemo za hali ya hewa, kwa hiyo redio inatakiwa isikilize kwanza, na ikisikia rada ihame yenyewe. Nini kinafanyika mtaani kwetu? Fundi anaingia kwenye mipangilio, anachagua nchi nyingine, redio inadhani iko huko, inafungua nguvu zote na inaacha kusikiliza rada. Nimewahi kufanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha kazi. Sifanyi tena.

#4 Mzee wa Antena

Vijana, shikamooni nazipokea.

Nilikuwa nafunga antena za televisheni enzi za chenga, nikielekeza kwa kuzungusha bomba huku mama mwenye nyumba anapiga kelele dirishani "hapo hapo!" Kwa hiyo masafa nayajua kwa mikono. Fundi wa Makorora kasema kweli, ila kaanzia mkiani.

Masafa mazuri kwa pwani yetu si 5.8. Lile ni wimbi la sentimita 5, mnazi mmoja ukiwa na makuti mabichi unalimeza. Masafa mazuri ni yale ya televisheni yetu ya zamani. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi, linapita kwenye mikoko, linaingia kwenye nyumba ya udongo bila kubisha hodi. Ndiyo maana picha ilikuwa inafika Muheza kwa antena ya vijiti.

Mwaka 2006 kule Geneva nchi zilikubaliana televisheni zihamie dijitali, mwisho tarehe 17 Juni 2015. Sisi tuliwahi. Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata mwaka uliofuata. Nakumbuka ving'amuzi vilivyogombewa. Tulipozima, masafa mengi yakabaki wazi, kwa sababu chaneli moja ya zamani sasa inabeba vituo vingi. Yakaenda wapi? Yakapigwa mnada. Mnada wa 700 ulifanyika 2018, halafu mnada mkubwa Oktoba 2022 uliojumuisha 700, 2,300, 2,600 na 3,500, ukaingiza kama dola milioni 187. Fedha za umma, sawa. Lakini niulize: kati ya kilichouzwa, wananchi wa Mkinga walibakiziwa nini ambacho wanaweza kukishika wenyewe?

Hapo ndipo penye uzi wako, mwanangu.

#5 Fundi wa Makorora

Mzee, marahaba nakuachia mwenyewe maana umezipokea kabla hatujazitoa. Shikamoo.

Nakubaliana na wewe karibu yote. Na kuna njia ya katikati iliyowahi kujaribiwa hapa hapa nchini: kutumia nafasi zilizo tupu kati ya chaneli za televisheni, zile ambazo kwa eneo husika hakuna kituo. Mwaka 2013 Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Microsoft na kampuni ya intaneti ya UhuruOne walitangaza majaribio kwa ajili ya vyuo vya Dar es Salaam. Kondoa nako mtandao wa jamii umejaribu masafa hayo. Afrika Kusini ilitunga kanuni zake 2018. Wilaya ya Mkinga au Pangani, ambako vituo vya televisheni ni vichache hewani, nafasi tupu ni nyingi kuliko Dar. Redio za aina hiyo bado ni adimu na bei yake si ya kampuni kama yetu, hilo nalikiri. Lakini kanuni ikiwepo vifaa hufuata, hakuna anayeleta kontena la redio zisizo na kanuni.

#6 Mpwa wa Horohoro

Naweka kambi hapa, na nina la mpakani.

Sisi Horohoro simu inajiendea yenyewe. Umekaa dukani kwako Tanzania, simu inashika mnara wa Lunga Lunga, unakaribishwa Kenya kwa ujumbe. Nimeshakatwa salio la data namna hiyo, siku hizi nachagua mtandao kwa mkono. Mawimbi hayana pasipoti, ndiyo maana nchi jirani lazima zielewane mnara upi uelekee wapi na kwa nguvu gani.

Nilichotaka kusema hasa ni kwamba wenzetu wa upande wa pili, mwaka 2021 mamlaka yao ilitoa utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya jamii na matumizi ya pamoja ya masafa. Kikundi cha kijiji kinaweza kuwa na leseni yake. Nimeona watu wa Kibera wanaendesha mtandao wao. Kwa nini kwetu kikundi cha wavuvi au cha akina mama kisiweze?

#7 Fundi wa Makorora

Asante sana Mpwa. Kwa leseni za huduma, sisi mlango tunao tayari. Leseni zetu zimegawanywa makundi manne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma za matumizi, na maudhui. Na kila kundi limepimwa kwa ukubwa wa soko, kuanzia kimataifa, kitaifa, mkoa, hadi wilaya. Huhitaji kuwa kampuni ya kitaifa ndipo uhudumie Mkinga. Tatizo kubwa kwa vikundi ni makaratasi na uvumilivu wa kuyafuatilia. Nimewasaidia wawili kuyakusanya, mmoja alikata tamaa njiani, na mimi naona nilipaswa kumshika mkono zaidi.

Kinachokosekana ni upande wa masafa. Ukishapata leseni ya kuhudumia wilaya, unatupwa kwenye 5.8 pamoja na kila mtu, bila daftari la nani yuko wapi.

#8 Kijana wa Sahare

Mimi napingana na mwelekeo wa uzi huu, tena bila chuki.

Kwanza, mnalaumu chaneli wakati tatizo linaweza kuwa mkongo, ile kebo kubwa inayoleta intaneti nchini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa mkupuo, nchi nzima ikalala. Hapo hata ungekuwa peke yako kwenye 5.8 ungefanya nini?

Pili, nimeanza na rauta moja na leo nina vijana watatu wananisaidia kuuza vocha za Wi-Fi kwa bei ya buku kwa siku. Niliweza kwa sababu masafa yalikuwa huru. Mkianza habari za daftari, kesho litakuwa daftari la kulipia, keshokutwa litakuwa la kujuana. Wakubwa watajiandikisha wote siku ya kwanza, sisi tutabaki nje. Acheni huru iwe huru.

#9 Fundi wa Makorora

Kijana, umesema kitu kizito na sitakipita juu juu.

La mkongo ni rahisi kulipima. Pingi, yaani tuma ujumbe mdogo wa kupima kama kunajibu, kwenye lango lako mwenyewe, yaani redio ya upande wa pili, halafu pingi nje ya nchi. Lango likijibu haraka na nje kukiwa kumekufa, tatizo liko mbele, huko kwa mkongo au kwa anayekuuzia. Lango lenyewe likiyumba, tatizo liko kwenye paa lako. Mei ile ya 2024 lango langu lilikuwa linajibu vizuri kabisa, na nje kimya. Jioni ninazolalamikia, ni lango ndilo linaloyumba.

La pili. Wasiwasi wako ninao pia. Nimeuona mnada, najua mdogo anavyobanwa. Sitaki 5.8 iuzwe, hata kipande. Ikiuzwa mimi na wewe tumekwisha. Ninachotaka kinaitwa leseni nyepesi, na kimefanyika kwingine. Marekani mwaka 2005 waliweka utaratibu wa megahezi 3,650 hadi 3,700: mtu yeyote angeweza kuchukua leseni, hakuna aliyenyimwa kwa kuwa mwingine alitangulia, sharti likiwa kwamba kila mnara usajiliwe, kila mtu aone mwenzake yuko wapi, na wakigongana wakae waelewane. Huko hakuna mnada wala umiliki wa peke yako. Ni kuandika mahali ulipo.

Na ujue masafa haya ni machache kiasi gani. Kutoka 5,725 hadi 5,850, chaneli za megahezi 20 zinazotumika kwa kawaida ni tano: 149, 153, 157, 161 na 165. Ukitanua hadi 80 umemeza nne kwa mkupuo, umeacha moja kwa mji mzima. Na mara nyingi unayamega yote hayo kupeleka megabiti 30 ambazo zingepita kwenye 20 bila shida.

Kuna jambo jingine linanisikitisha zaidi, maana halina mwenye nia mbaya. Hizi redio zimeumbwa na adabu. Kabla ya kusema, zinasikiliza. Ikisikia mwenzake anasema, inangoja. Kama wazee kwenye baraza. Lakini sahani inasikia upande mmoja tu. Redio ya Chumbageni imegeuza uso baharini, ya kwangu ya Raskazone imegeuza uso baharini, hatusikiani. Kila mmoja anaona kimya, kila mmoja anaanza kusema. Sauti zetu zinakutana Chongoleani, kwenye sahani moja, kwa yule dada wa steshenari. Yeye ndiye anayesikia wote wawili kwa pamoja na haambulii neno. Hakuna redio itakayolitatua hilo yenyewe. Linatatuliwa na fundi kujua kuna fundi mwingine.

#10 Kijana wa Sahare

Hilo la sahani mbili kutosikiana sikulijua. Nadhani hata mimi linanipata kwa mteja mmoja wa Mwambani.

Bado leseni naiogopa. Ila daftari letu wenyewe mafundi, lisilo la serikali, hilo naliunga mkono. Tukiona linafanya kazi ndipo tuwapelekee.

#11 Mwalimu wa Pongwe

Samahani kuingilia, mimi si fundi. Rauta yangu ya nyumbani ya 2.4 inachoka jioni, majirani pande zote wana rauta. Nifanye nini?

#12 Mzee wa Antena

Mwalimu, kwenye 2.4 chaneli ziko 13 lakini zinalaliana. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Angalia kwa programu ya simu ipi ina watu wachache, uhamie hapo, upana uwe 20. Usichague 3 ukidhani umejificha, utakuwa umekalia 1 na 6 kwa pamoja. Na kama rauta ina gigahezi 5, itumie ndani ya nyumba. Haivuki kuta vizuri, na hapo hiyo ndiyo faida yake.

#13 Bint Chumbageni

Nimejaribu hilo la mzee sasa hivi. Nilikuwa kwenye 4. Nimehamia 11. Mwanangu anaangalia somo lake bila kugandaganda.

Fundi, na lile jengo? Nakaa jirani, nadhani nalijua. Sitaji.

#14 Fundi wa Makorora

Asante kwa kutotaja, dada.

Kuhusu daftari, nimelianza tangu jana usiku. Ni jedwali la kawaida: mtaa, mwelekeo wa sahani, chaneli, upana, nguvu, na namna ya kumpata fundi. Jina la mteja halimo. Nimejaza linki zangu 14. Wenzangu wawili wa Makorora wamejaza zao, tukagundua palepale kwamba mimi na mmoja wao tumegongana Kisosora kwa miezi sita, kila mmoja akimlaumu mwenye nyumba kwa umeme mbovu. Nimehama mimi, imeisha ndani ya dakika kumi.

Mkitaka niwaongeze nitumieni ujumbe wa faragha.

#15 Mgeni wa Paa

Nimesoma tangu mwanzo. Mimi ndiye fundi wa ile sahani.

Kwanza nikuombe radhi kaka kwa nilivyokujibu kwenye simu. Nilikuwa juu ya ngazi, na nilidhani unatafuta namna ya kuniharibia kazi. Hiyo 80 sikuiweka kwa makusudi, ilikuja hivyo kutoka kwenye boksi. Nguvu ndiyo niliipandisha mimi, kwa sababu jioni linki yangu nayo ilikuwa inazama. Sasa nimeelewa inazama kwa ajili gani. Nilikuwa napandisha, na wewe unapandisha.

Nipe chaneli.

#16 Fundi wa Makorora

Kaka, radhi tumepeana. Mimi pia nilipandisha mara moja, siku ile ya mabinti wa mikopo, kabla sijashusha tena.

Mimi niko 149, nabaki 20. Naomba wewe uende 161, upana 20, na nguvu irudi kwenye kiwango cha hapa nchini. Ukiona megabiti hazitoshi, nitakuja tuelekeze sahani upya, siku nyingi sahani ikiwa imepinda digrii mbili ndipo mtu anaongeza nguvu. Sitaki malipo.

#17 Mgeni wa Paa

Nimehamia 161, 20. Nguvu nimeshusha. Sasa ni saa mbili kasoro. Angalia.

#18 Fundi wa Makorora

Hasi 87.

Nimempigia dada wa steshenari. Amesema subiri kidogo, ana mteja, fomu inapanda.